Foleni ya Majani Chai Iliyogeuka Rozari

Paaa! Pa-pa-paaa!

Honi hiyo bado naisikia. Nikiwa hapa Londiani namenya viazi, lori lolote likipita barabarani na kupiga honi, mkono wangu unaenda wenyewe mfukoni kutafuta rozari. Mume wangu hucheka. "Hilo ni lori la mbao," huniambia. "Kaa chini."

Lakini mara ya kwanza kuisikia nikiwa kazini, honi hiyo iliniharibia kila kitu. Nilikuwa kwenye senta yetu ya chai, upande wa Kaplong, pale wakulima huleta majani mabichi yapimwe na kupakiwa kwa lori. Nilikuwa nimewakusanya watu pembeni chini ya bati, tumefika tendo la tatu la furaha la rozari, nimefumba macho, roho yangu iko Bethlehemu kabisa. Honi ikalia. Nikasikia mbio, nikasikia mtu amenikanyaga kidole. Nilipofumbua macho nilikuwa nimebaki na Mama Wanjiru peke yake, na huyo hakubaki kwa imani. Nilikuwa nimemshika mkono.

Nitarudi kwa Mama Wanjiru. Kwanza niwasalimu. Nyinyi makatekista wapya mmeniomba kwenye lile kundi letu la simu niwaandikie ninayoyakumbuka, na mmeniita mstaafu. Nimecheka mpaka sufuria ikaungua. Nina miaka thelathini na minane! Cheti cha kustaafu nilipewa kweli, kimo ndani ya fremu, kwa sababu niliolewa nikahama. Shule niliishia darasa la nane, na bado nimeitwa Mwalimu miaka kumi na minne, hata na watu wenye digrii. Kwa hivyo msiogope. Hii kazi inataka miguu kuliko vitabu.

Miguu nilifundishwa na Mzee Arap Sigei, katekista aliyenitangulia. Huyo mzee hakuwa mpole, msije mkadhani. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kutembelea nyumba za jumuiya, nami nikiwa nimevaa viatu vya Jumapili. Tulipofika kwa mlango wa kwanza nikatangulia kusema, "Baba, mbona siku hizi hatukuoni kanisani?" Nilidhani hiyo ndiyo kazi.

Mwenye nyumba akaniangalia juu mpaka chini. "Labda ni kwa sababu nyinyi mko huko," akasema, akarudi ndani.

Arap Sigei hakunitetea. Njiani akaniambia, "Umempiga mtu kofi kwa mlango wake. Uliona ng'ombe pale nje?"

"Niliona."

"Ana mimba. Mzee hajalala siku mbili akimwangalia. Uliuliza ng'ombe?"

"Sikuuliza."

"Uliza ng'ombe kwanza. Kanisa halitatoroka."

Basi mkianza kutembelea watu, shikeni hilo. Msifike saa ya kukamua, mtakuwa kero. Mkipewa mursik, yale maziwa ya mgando, mnywe, hata kama ni nyumba ya saba na tumbo limejaa maziwa mpaka kooni. Mimi niliwahi kukataa kibuyu cha mama mmoja nikisema nimeshiba, na ilichukua Kwaresima mbili kabla hajaniitikia salamu. Na viatu vya Jumapili wacheni nyumbani. Udongo wa huko baada ya mvua unavua mtu kiatu bila kuuliza jina.

Arap Sigei alishikwa na ugonjwa wa sukari, miguu ikakataa, akaniachia ufunguo wa kanisa. Na mimi, kwa miaka ya kwanza, kanisa likanifia mkononi. Nasema ukweli. Kigango chetu ni cha Mama wa Rozari, kimejengwa kwa mawe ambayo Arap Sigei na wenzake waliyavuta kwa ng'ombe kutoka mtoni. Kilikuwa kinajaa zamani. Kwangu kikabaki na kina mama wazee, watoto waliolazimishwa, na mbwa mmoja aliyekuwa mwaminifu kuliko wanakwaya. Mabenchi ya nyuma tukayapanga moja juu ya lingine kwenye stoo, kuku akataga mayai humo.

Padri wetu alikuwa kijana, mwenye vigango vingi na pikipiki moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kwa Misa ya mwezi siku ya mvua, akatukuta tumekaa kama meno ya mzee, mmoja hapa, mwingine kule. Baada ya Misa akaniita kando.

"Mwalimu, siwezi kuendelea hivi. Nyinyi mko kumi na tisa. Ng'ambo ya mto kuna watu mia mbili wananingoja."

"Fadha, siku ya mvua..."

"Hata mwezi uliopita, na kulikuwa na jua. Nawapa mpaka sikukuu ya msimamizi wenu, mwezi wa kumi. Nikipata hali ni hii, tutafunga hapa, mtasali ng'ambo."

Ilikuwa mwezi wa tano. Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Arap Sigei. Alikuwa amekaa nje kwa kiti chake, blanketi magotini.

"Mto mimi sitavuka," akasema. "Daraja lenyewe ni la miti, na pikipiki haipiti. Siku mtafunga huo mlango, binti, mtakuwa mmenifungia nje. Yale mawe nimeyabeba mimi."

Nililia njia nzima. Halafu nikapanguza macho, nikaanza kuota ndoto kama kawaida yangu. Mimi nikiona benchi tupu naona watu wameshakaa. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiangalia mawingu. Basi nikatangaza rozari kila siku kanisani saa tisa mchana. Nikapiga kengele. Siku ya kwanza alikuja mbwa.

Nilikaa kwa ngazi ya kanisa nikijiuliza watu wote wamekwenda wapi, na jibu lilikuwa linanipigia kelele kutoka chini ya kilima. Walikuwa senta! Majani yakishachunwa asubuhi lazima yapimwe siku hiyo hiyo. Watu wanayaleta saa nane, lori linakuja saa kumi, au saa kumi na mbili, au likwame tope. Hapo katikati wanakaa juu ya magunia, wanasengenya, wanasinzia, wanabishana siasa. Parokia nzima ilikuwa imekaa pale bila kazi, na mimi nilikuwa nawapigia kengele waje kilimani!

Nilimweleza Arap Sigei nikiruka ruka. Akakunja uso. "Senta? Pale watu hutukanana juu ya foleni. Utamweka Bikira Maria katikati ya matusi? Majani chai na sala usichanganye."

Sikumsikiliza. Na ndivyo tukafika siku ya ile honi.

Sasa Mama Wanjiru. Huyu ni mama aliyetoka upande wa kati, kwa Wakikuyu, zamani na mumewe, ana kibanda cha duka pale senta na kipande kidogo cha chai. Alikuwa Mkatoliki, ila kanisani hakuwa amekanyaga kwa miaka. Siku hiyo alipita karibu, nami nikamvuta mkono aje tusali. Honi ilipolia akataka kukimbilia gunia lake kama wengine. Nikamkaza. "Tumalize tendo, Mama. Lori haliendi."

Lori halikwenda, kweli. Lakini foleni ilikwenda. Alipofika alikuta gunia lake limesukumwa mpaka mkiani, limekaa juani. Zamu yake ilipofika, karani wa mizani, Bett, akatia mkono ndani ya gunia akautoa haraka. Majani yalikuwa yameshika joto katikati, yamekuwa mekundu.

"Haya siwezi kuchukua, Mama."

"Bett, nimechuna tangu alfajiri!"

"Naona. Lakini angalia rangi."

Mama Wanjiru hakugombana naye. Alinigeukia mimi, mbele ya watu wote. "Mwalimu, Mungu wako amekula majani yangu. Ameshiba?"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Mwalimu, kesho mwambie Mama Maria aje na lori lake!" Nikacheka pia, ile ya kuzuia machozi. Jioni Arap Sigei alikuwa ameshasikia kila kitu. Kule kwetu habari hufika kabla yako. "Nilikuambia," akasema tu.

Vijana wangu, kila mtu katika kazi hii atafanya kosa la namna hiyo, la kutaka mtu aache alicho nacho mkononi ili akusikilize. Kosa likishafanyika, msiende kuomba msamaha na maneno matupu. Siku ya kuchuna iliyofuata nilibeba kikapu, nikaenda kwa shamba la Mama Wanjiru kabla umande haujakauka, nikaingia mstari wa pili. Tulichuna kimya, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka migongo ikaanza kuongea. Nikakumbuka kuuliza ng'ombe.

"Yule ng'ombe wako wa madoadoa anaendeleaje?"

Akanitazama. "Si nyinyi mnajua kuzunguka! Ng'ombe ni mzima. Uliza unachotaka kuuliza."

"Kwa nini uliacha kanisa, Mama?"

Aliendelea kuchuna. "Mnasali Kikipsigis, mnatangaza Kikipsigis, mnacheka Kikipsigis. Nikiuliza jirani kumesemwa nini, ananiambia, 'Si kitu cha maana.' Miaka sita nimekaa kwa benchi lenu kama mgeni anayengoja chai. Siku moja nikasema, hata nikibaki nyumbani hakuna atakayejua. Na kweli, hakuna aliyekuja kuuliza."

Nilikuwa nampitia karibu kila siku pale kibandani, nikinunua chumvi na sabuni, nisimuulize.

"Pole, Mama," nikasema.

"Pole yako nimeona, iko ndani ya kikapu." Kisha akacheka kidogo. "Na ile rozari yako, Mwalimu, shida yake ni moja. Unataka watu waache foleni waje kwa sala. Kwa nini foleni yenyewe isisali?"

"Isali vipi?"

"Si ni watu wamepangana? Rozari si shanga zimepangana? Kila mtu awe shanga."

Nilikaa chini kati ya michai nikashika kichwa. Miaka yote ya semina za makatekista, na hakuna mtu amewahi kuniambia hilo.

Tukalijaribu wiki hiyo hiyo. Utaratibu ulikuwa huu, na mpaka leo ndio huo. Honi ikilia, ndipo tunaanza. Watu wakivuta magunia kupanga foleni, tunasema Nasadiki pamoja. Halafu mtu wa kwanza akitundika gunia lake kwenye mizani, anasema Salamu Maria yake moja, kwa lugha yake. Watu wanamwitikia, Bett anaandika, gunia linashuka, anakuja wa pili. Watu kumi wakipita, kumi moja ya rozari imeisha. Hakuna aliyepoteza nafasi, hakuna jani lililongoja.

Siku ya kwanza ilikuwa vituko. Kuna mzee aliyesema Salamu Maria kwa mbio kama anauza mbuzi mnadani. Kuna msichana aliyesahau katikati, foleni nzima ikamsaidia. Mama Wanjiru aliisema kwa Kikuyu, polepole, kwa sauti ya mtu anayefungua nyumba iliyofungwa muda mrefu, na wale kina mama wa Kikipsigis wakamwitikia kwa lugha yao. Nikaona anatafuta kitambaa.

Halafu ikafika zamu ya jirani mmoja wa kanisa lingine. Akasimama na gunia lake mabegani. "Mimi si Mkatoliki, jamani. Nifanyeje?"

"Pita tu, ndugu," nikamwambia.

"Sasa nikipita si nitaharibu hesabu ya shanga?"

Bett, aliyekuwa hajasema neno la dini maisha yake yote, akainua kalamu. "Baba Yetu unaijua?"

"Naijua!"

"Basi hiyo ni yenu. Kila kumi ikianza, mtu wa kanisa lingine atoe Baba Yetu. Na asiruke foleni, maana hata malaika akiruka hapa mimi nitamrudisha nyuma."

Hivyo ndivyo ndugu zetu wa makanisa mengine walivyopata sehemu yao. Wengine walianza kubishana ni nani atatoa Baba Yetu leo. Matusi ya foleni yalipungua, kwa sababu ni vigumu kumtukana mtu ambaye umetoka tu kumwitikia sala.

Lakini kitu ambacho sikukiota, hata na kuota kwangu kote, ni hiki: foleni ilijua nani hayupo. Shanga ikikosekana unahisi. "Mama fulani hajaleta majani wiki hii?" "Mtoto wake amelazwa." Siku inayofuata kina mama watano wako shambani kwake wakimchunia. Hatukuita hiyo mkutano wala kamati. Ilitoka kwenye foleni yenyewe. Na mtu akishachuniwa majani na kuombewa kwa jina, Jumapili humwiti. Anakuja.

Mwezi wa nane tukaingia kwa chai ya Arap Sigei. Ilikuwa imekua ndefu kama msitu, mzee hana wa kumchunia. Tuliipunguza, tukachuna ilichokuwa nacho, nikapeleka gunia lake senta nikaliweka kwenye foleni. Lilipofika kwa mizani tukatazamana. Gunia lipo, mwenyewe hayupo. Salamu Maria yake ataitoa nani?

"Aliye nyuma yake," Mama Wanjiru akasema, maana alikuwa yeye. Akaitoa.

Nilimrudishia mzee gunia tupu. "Lilipimwa?" akauliza.

"Lilipimwa, Mzee. Na lilisaliwa."

"Nani alilisalia?"

"Mama Wanjiru. Kwa Kikuyu."

Akalishika gunia, akalikunja magotini kama nguo ya Misa. Kisha akasema, "Kesho nitafutie pikipiki."

Alikuja amekaa katikati, dereva mbele na binti yake nyuma akimshika kiuno. Wakamkalisha juu ya gunia lake. Honi ikalia, naye akavua kofia. Zamu yake ilipofika alitoa Salamu Maria kwa ile sauti yake ya zamani ya kufundisha katekisimu, na watu waliofundishwa naye wakiwa watoto wakajikuta wamesimama wima. Alipomaliza akanivuta sikio karibu.

"Nilikukataza kuchanganya," akasema. "Nilikosea. Usiwaambie."

Nimewaambia. Anisamehe huko aliko.

Sikukuu ikafika. Jumamosi nilifukuza kuku stooni nikateremsha mabenchi yote, nikayaosha, nikalala na hofu kama mtu anayeoa. Jumapili, kabla hata sijapiga kengele, watu walikuwa wanapanda kilima kutoka pande zote. Mabenchi yakajaa. Tukaleta viti vya kibanda cha Mama Wanjiru, vikajaa. Vijana wakakaa madirishani. Padri alizima pikipiki akabaki ameikalia.

"Mwalimu," akasema, "hawa wote mmewakodi wapi?"

"Senta, Fadha."

Mama Wanjiru alisoma somo la kwanza kwa Kiswahili, miwani puani. Matangazo tuliyatoa kwa lugha tatu, na utani pia. Wakati wa Komunyo Padri alijiandaa kwa msukumano, akashangaa: watu walipangana wenyewe, mmoja mmoja, bila mtu kuruka, kwa sababu Bett alikuwa amesimama katikati ya kanisa na suti yake akiwaangalia. Arap Sigei alikuwa benchi la mbele. Padri akashuka altare akampelekea pale pale alipokaa, karibu na ukuta wa mawe yake.

Mwisho Padri alisimama mbele ya watu. "Mwezi wa tano nilisema nitafunga hapa," akasema. "Leo nawaomba mnisamehe. Mtakuwa na Misa mara mbili kwa mwezi." Vigelegele vilivyopigwa, nasikia ng'ambo walidhani kuna harusi. Mbwa wetu alibweka mpaka wakamtoa nje, na kwa kweli alikuwa na haki ya kufurahi kuliko wengi.

Arap Sigei alifariki miaka miwili baadaye. Alipita kwa ule mlango, mlango wake, ukiwa wazi, na foleni nzima nyuma yake. Gunia lake binti yake alinipa mimi.

Na mume wangu, kwa vile najua mtauliza, ni mpwa wa Mama Wanjiru. Alikuja kumsaidia shangazi kubeba majani, akapangwa nyuma yangu kwenye foleni wiki tatu mfululizo, akawa anaitikia kwa sauti kubwa kupita kiasi. Hiyo hadithi inatosha hapo.

Siku yangu ya mwisho, kabla ya kuhamia huku, nilikabidhi ufunguo, nikakumbatiwa na watu mpaka mbavu zikauma. Rozari ya jioni ikaisha, lori likaondoka, kila mtu akashika njia yake kwenda kukamua. Nikasema nimesahau kitu, nikarudi senta. Hakukuwa na mtu. Chini kulikuwa na majani machache yaliyomwagika. Nikaokota majani mawili na chipukizi, nikayatia ndani ya gunia la Arap Sigei, nikalitundika kwenye ile kulabu ya mizani. Lilining'inia jepesi, likizunguka na upepo. Hakukuwa na mtu nyuma yake. Nikasimama mimi, nikatoa Salamu Maria yake, nikajiitikia.